Kibuyu cha Mama Holo

Mama mmoja alikuwa na watoto watatu na kibuyu kimoja. Jina lake Holo, mjane, na alikaa katika mji ulio mwisho wa reli, kando ya ziwa, mahali ambapo meli nayo hutia nanga na barabara nayo hukomea. Watoto wake walikuwa mbali, katika mji mkubwa wa upande wa pili, kila mmoja na shughuli zake. Nisikilizeni vizuri, ndugu zangu, maana hadithi hii sipendi kuirudia. Inaniuma.

Watu wa kule wana desturi yao. Mzazi akiona siku zake zimekaribia, huwaita watoto wa tumbo lake, hukoroga unga wa ulezi na maji ndani ya kibuyu, wakanywa wote. Lakini hakuna anayejinywea. Mama humnywesha kifungua mimba kwa mkono wake. Kifungua mimba humnywesha anayemfuata, huyo naye humnywesha mdogo wake, na kitinda mimba ndiye anayemnywesha mama. Hapo ndipo baraka imetimia. Na kibuyu kikishafunguliwa, mama haonji kitu, si maji si uji, mpaka mkono wa kitinda mimba umfikie. Ndiyo maana kule hawakifungui hadi watoto wote wawe wamekwisha kukaa mkekani.

Mama Holo akaugua. Akawapelekea watoto wake maneno mafupi kwa simu ya mdogo wake, Mama Ngolo, aliyekuwa akimuuguza: njooni niwanyweshe, njooni pamoja.

Wakakutana Jumapili nyumbani kwa mkubwa wao, Masunga. Walilia kidogo, wakanywa chai, kisha wakaanza kupanga safari. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na wala halikuanza kwa ubaya. Walianza kwa kutaniana.

Masunga alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa saa. Akasema wapande treni ya Jumanne. Treni ina ratiba, akasema, treni ina reli yake, haina kona za ovyo, unajua utaondoka lini na utafika lini, unakaa dirishani unaitazama nchi inapita na wewe hujachafuka. Nyanzala, anayemfuata, fundi cherehani, akacheka. Akasema mgongo wake umekwisha kwa kuinama, na treni inatikisa mtu kama karanga kwenye ungo. Yeye atapanda meli ya Jumatano. Kwenye meli kuna kiti cha kuegemea, kuna upepo, kuna mtu anayekupikia wali na samaki, na wewe huna kazi yoyote duniani ila kufika. Mwaka mzima hajapumzika. Nani angemnyima? Mimi nisingemnyima.

Lushinge, kitinda mimba, alikuwa na pikapu yake kuukuu. Akawaambia wote wawili wanajifungia kwenye makopo. Safari ni barabara, akasema. Ukitaka kusimama unasimama, ukiona mahindi ya kuchoma unashuka, ukikuta mtu amekwama unamvuta, na mwisho wa siku una hadithi za kumpelekea mama. Masunga akamwambia, "Wewe hadithi utafika nazo, mama ndiye hutamkuta." Neno hilo likachoma. Lushinge akajibu kwamba heri kuchelewa kuliko kuwa mtumwa wa filimbi. Nyanzala akawaambia wote wawili wamekuwa hivyo hivyo tangu utotoni, na yeye amechoka kuwaamua. Chai ikapoa. Mwishowe Masunga akasema, basi kila mtu apande anachokipenda, tutakutana huko huko.

Mmelisikia neno hilo? Tutakutana huko huko. Ni neno zuri, halina tusi ndani yake. Mama alisema njooni pamoja, na wao wakasema tutakutana huko huko, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba amemkatalia mama.

Jumanne treni ikaondoka kwa saa yake na Jumatano asubuhi ikafika kwa saa yake. Masunga akashuka, suruali imenyooka, akaenda moja kwa moja hadi kitandani kwa mama. Mama akafurahi sana. Akauliza wenzako wako wapi. Masunga akasema wako njiani.

Alikaa. Alitazama saa yake. Meli ilikuwa bado hata haijang'oa nanga kule. Lushinge alipigiwa simu, akasema yuko karibu. Kila anayemfahamu Lushinge anajua karibu yake ni umbali gani. Na treni ya kurudi ilikuwa Alhamisi asubuhi, na nyingine haipo hadi wiki ijayo, na Masunga alikuwa na darasa la watoto wanaoingia kwenye mtihani. Msimhukumu haraka. Alikuwa mtu mwema mwenye wajibu, na watu wema wenye wajibu ndio ninaowaogopea zaidi.

Jumatano jioni akapiga magoti mbele ya mama yake. Akasema, "Mama, wa kwanza kunywa ni mimi. Ninyweshe leo, hao watakunywa wakifika." Desturi aliikumbuka nusu. Mara ya mwisho kibuyu kufunguliwa katika ukoo wao ilikuwa kwa bibi yake, na Masunga alikuwa mdogo. Mtoto hukumbuka nani alianza kunywa. Hakumbuki nani alingoja.

Mama Ngolo alifungua kinywa aseme, mama akamzuia kwa jicho. Akamtazama mwanawe, akaona begi limekwisha kufungwa. Angeweza kumwambia. Kwa nini hakumwambia? Nimejiuliza sana, na wazazi mlioko hapa mnanijibu kimoyomoyo. Akafungua kibuyu. Akamnywesha kwa mkono wake, akamwambia nenda salama baba.

Alhamisi saa moja asubuhi treni ikamchukua Masunga. Saa tatu meli ikatia nanga, Nyanzala akashuka amepumzika hasa, uso unang'aa, ana khanga mpya ya mama mkononi. Aliwaambia waliompokea kwamba ziwa lilikuwa shwari na hakuhisi hata safari. Akaingia ndani, akamkuta mama yake ana midomo mikavu imepasuka, na Mama Ngolo yuko pembeni na kitambaa kibichi, anampangusa nje ya midomo tu. Akauliza, kwa nini hapewi maji? Akaambiwa kibuyu kimefunguliwa.

Nyanzala alikaa chini kwenye sakafu. Hakuweza kunywa, kwa kuwa wa kumnywesha hayupo. Na asipokunywa yeye, hawezi kumnywesha Lushinge, na Lushinge asipokunywa, hawezi kumfikishia mama. Akamwomba mama avunje desturi, anywe maji. Mama akatikisa kichwa. Mama Ngolo akasema alishamsihi usiku kucha, akachoka. Mkiulaumu ukaidi wa yule mama, ulaumuni. Yeye alikuwa ameamua kwamba watoto wake watakuwa mkekani pamoja, au yeye hatakunywa.

Nyanzala akampigia kaka yake. Simu haikupatikana. Akapiga tena na tena, treni iko porini huko haina mtandao. Saa saba mchana ilisimama kwenye stesheni moja ndogo, na simu ikaita. Nyanzala hakumsalimu. Alisema, "Kaka, ulipokunywa wewe ndipo kiu ya mama ilipoanza."

Masunga akasimama ndani ya behewa. Sasa akakumbuka yote: bibi yake kitandani, watoto wa bibi wamepanga mstari, na yeye akiuliza kwa nini bibi anywe mwisho. Akamwendea mkaguzi wa tiketi, akamwambia mama yangu ana kiu, treni irudi. Mkaguzi alimwonea huruma. Akamwambia, "Pole mwalimu, hii haigeuzwi kwa abiria mmoja." Na hiyo ndiyo treni, ndugu zangu. Sifa ile ile uliyoipendea ndiyo inayokukatalia.

Akashuka na begi lake. Treni ikaondoka kwa saa yake. Stesheni yenyewe ilikuwa na benchi moja, mti wa mwarobaini na mama anayeuza viazi, na nyuma yake ilipita barabara ya vumbi. Masunga akauliza, magari yanapita mangapi hapa kwenda ziwani? Mama wa viazi akamwambia leo limepita lori moja tu, na lilikuwa asubuhi.

Barabara hiyo ndiyo ya Lushinge.

Masunga akakaa kwenye benchi akifikiri. Maisha yake yote alikuwa amemgombeza mdogo wake kwa kuchelewa. Alichelewa shule, alichelewa harusini kwa dada yao, alichelewa hata kwenye mazishi ya baba. Na sasa mwalimu wa hesabu akainamisha kichwa mbele ya yule muuza viazi akamwomba Mungu kwamba mdogo wake awe amechelewa vya kutosha. Awe hajapita. Alimpigia simu.

Lushinge akapokea kwa kunong'ona. "Kaka, niko msibani."

"Msiba wa nani?"

"Simjui."

Ilikuwa hivi. Jumanne alimvuta mtu aliyekwama mtoni, kamba ikakatika mara tatu. Jumatano akampeleka mjamzito zahanati, wakamngojesha hadi jioni maana alidhaniwa ndiye mume. Alhamisi akakuta waombolezaji wamejaa barabarani, na huwezi kupiga honi msibani. Akashuka, akavua kofia, na kwa kuwa ana pikapu, wakamwomba abebe mabenchi. Kijiji chenyewe kiko nyuma ya stesheni ile kwa mwendo wa saa mbili. Sisemi kwamba alifanya vyema kuchelewa. Mama yake alikuwa na kiu, na yeye yuko kwenye mabenchi ya watu asiowajua. Lakini Masunga alipomweleza, hakubishana. Aliwaaga wafiwa, akaomba radhi, akashusha mabenchi akaja mbio.

Kaka akamwona anatokea kwenye vumbi, akaenda mbio kulipokea gari kabla halijasimama. Mdogo alitegemea kugombezwa. Masunga akamkumbatia pale barabarani, akalia, akamwambia asante kwa kuchelewa. Muuza viazi akacheka mpaka akafuta macho. Akawapa viazi vya njiani, akakataa kulipwa.

Njia ilikuwa mbaya. Gurudumu likapasuka, na Masunga, ambaye hajawahi kugusa jeki, alilala mavumbini na suruali yake iliyonyooka akashika taa. Mara mbili Lushinge alisema, "Tutamkuta, kaka." Mara zote mbili Masunga akatazama saa yake.

Wakafika Ijumaa asubuhi. Nyanzala alikuwa mlangoni, na ule mng'ao wa melini umekwisha usoni. Hakuna aliyeuliza nani alisema nini Jumapili. Walinawa mikono, wakatandika mkeka, wakamwinua mama wakamwegemeza kifuani kwa Mama Ngolo. Alikuwa mwepesi mno. Macho yalikuwa yamefumbwa, na Lushinge akaogopa kwamba wamechelewa kweli.

Masunga akashika kibuyu, akamnywesha Nyanzala. Nyanzala akamnywesha Lushinge. Lushinge akapiga magoti, mkono mmoja chini ya kidevu cha mama, akakiinamisha kibuyu taratibu. Mchirizi wa kwanza ukamwagika kidevuni. Wa pili ukaingia. Koo likapanda, likashuka. Wote watatu walikuwa wamebana pumzi.

Mama Holo akafumbua macho. Akawatazama mmoja mmoja, akahesabu kwa jicho, akawapata wote. Akasema, "Ongeza."

Wakacheka na kulia kwa pamoja, na Lushinge akaongeza, na mama akanywa mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Aliishi hadi mavuno.

Wako watakaotoka hapa wakibishana ni safari ipi iliyo bora, ya mwenye ratiba, ya mwenye raha au ya mwenye kusimamasimama. Bishaneni, ni maneno matamu, hata mimi nina ninayoipenda. Lakini wewe ndugu yangu uliyewahi kufika, ukanyweshwa, ukafunga begi lako: ni nani mpaka leo ana kiu kwa sababu wewe ulikunywa ukaondoka?