Mkoromo wa Kishingo

Kuku akikoroma, chungulia banda. Mmeyasikia maneno hayo kisimani leo, mkacheka, maana aliyeambiwa hana hata kifaranga. Sasa mnataka kujua kuku na banda vimeingiaje katika ugomvi wa mtu na wakweze. Kaeni vizuri basi, na wewe uliyeegemea gunia langu la mahindi uondoke hapo kabla halijapasuka. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mwanamke wa hukuhuku milimani Upare, jina lake Nakiete, na yalianza hivi.

Nakiete alikuwa mjane, hodari wa jembe na hodari zaidi wa kubisha. Mumewe Kajiru, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alimjengea banda la kuku ambalo kijiji kizima kilikwenda kulitazama. Kuta zake zilikuwa nene, zimekandikwa udongo ndani na nje, na mlango wa ubao ukishafungwa hata sisimizi hakuona pa kupenya. Tangu lilipomalizika, kicheche hakuwahi kuonja kuku wa Nakiete. Majirani waliliiga, mmoja baada ya mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya Kajiru, kwa hiyo kila mvua zilipokwisha Nakiete alilikandika upya na kuziba kila ufa kwa vidole vyake.

Kati ya kuku zake alikuwamo kikongwe mmoja aliyeitwa Kishingo, kwa kuwa shingo yake haikuwa na manyoya. Kutaga alikuwa amekwisha kuacha, lakini kwa kutamia mayai hakuwa na mpinzani. Shida yake ilikuwa kifua. Kila asubuhi alitoka bandani mdomo wazi, akikoroma, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Jua likipanda alipata nafuu, na kesho yake mambo yalikuwa yaleyale. Ulipita mwaka wa kwanza, ukapita wa pili. Nakiete alimnywesha maji ya shubiri, akamlisha kitunguu saumu kilichotwangwa, akajaribu na pilipili. Kila dawa ilifaa mpaka kesho yake tu.

Majirani wakaanza kunong'ona kwamba ni maradhi ya kuambukiza. Wakamwambia kwa adabu, lakini bila kuzunguka, kwamba mavuno yakiisha na kuku yule bado anakoroma, achinjwe. Nakiete aliumia sana. Katika kuku wote walioachwa na Kajiru, ni Kishingo peke yake aliyebaki.

Siku hizohizo kicheche alimnyakua kuku wa wifi yake, Mama Mbazi, akaacha mayai tisa yaliyokwisha kutamiwa wiki nzima. Mama Mbazi alikuja mbio kuazima kuku wa kutamia, kama ilivyokuwa desturi, na hakumtaka mwingine ila Kishingo. Nakiete alimwonya kuhusu kifua. Mama Mbazi akajibu kwamba mayai hayasikii mkoromo, akambeba.

Wiki mbili baadaye Nakiete alikwenda kumchukua kuku wake. Alikuta vifaranga wanane, na Kishingo akitembea kati yao mdomo umefungwa, anapumua kimya. Nakiete alirudi naye nyumbani akiwa na furaha isiyo kifani. Asubuhi ya tatu mkoromo ukarudi.

Nakiete alikwenda kwa wifi yake bila hata kufunga mlango wake.

"Wifi, ulimpa dawa gani?"

"Sikumpa kitu."

"Mbona kwako hakukoroma? Unanificha dawa, na mavuno yamebaki siku sita kuisha."

Mama Mbazi aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea. Alikuwa dada yake Kajiru, na neno alilotaka kulisema alikuwa amelimeza kwa muda mrefu.

"Kwangu alilala kwenye tenga, barazani. Kwako analala wapi?"

"Analala kwenye banda la kaka yako."

"Umewahi kuingiza kichwa humo alfajiri, kabla kuku hawajatoka?"

Nakiete hakuwahi. Siku zote alivuta ubao, akasimama kando, kuku wakatoka.

"Basi kaingize," alisema Mama Mbazi. "Kazi ya marehemu kaka yangu siwezi kuitia ila. Pua yako itakuambia."

Alfajiri iliyofuata Nakiete alivuta ubao, akapiga magoti na kujipenyeza mpaka mabegani. Ukali wa mavi ya kuku, uliofungiwa humo usiku kucha, ulimpanda puani ukamtoa machozi. Kifua kikambana. Hakuweza kuvumilia hata hesabu ya kumi. Alirudi nyuma, akakaa chini akikohoa, na machozi yakaendelea kutoka hata harufu ilipokwisha kumtoka puani. Miaka yote ile alikuwa akitafuta dawa, na pumzi ya kuku wake alikuwa akiiziba mwenyewe.

Akainuka, akachukua jembe.

Mama Mbazi alisikia vishindo akaja. Alikuta madirisha mawili yametobolewa chini ya paa, la kulia na la kushoto, na Nakiete anayasuka fito ili kicheche asipite.

"Hukuona uchungu, wifi?"

"Nimeuona. Lakini Kajiru alilijenga ili kuku waishi."

Kishingo hakugeuka kuwa mtetea mchanga, maana kifua kilichochakaa hakirudi kuwa kipya. Siku za baridi alikwaruza kidogo. Lakini mavuno yalipokwisha alikuwa akitoka bandani mdomo umefungwa, na majirani wakakosa la kusema. Mwaka uliofuata alitamia tena.

Ndipo wale waliotaka achinjwe walipoanza kuja mmojammoja, kwa sauti ya chini, kuulizia dawa. Kumbe kila mmoja alikuwa na kuku wake anayekoroma nyumbani, ndani ya banda lililokandikwa likazibwa kila ufa kama la Kajiru. Nakiete hakumcheka yeyote. Aliwapa wote jibu moja, na hata walipokuja kwake kumlalamikia mke, mtoto au mkwe, hakulibadilisha:

"Kuku akikoroma, chungulia banda."