Suruali Zilizopanuliwa Kushoto

Wahenga hawakuona haya kusema kwamba mficha uchi hazai: anayeficha tatizo lake hapati wa kumsaidia. Fundi cherehani mmoja, maarufu kwa jina la Mkasi, aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila alidhani inawahusu wanawake tu.

Mkasi na mkewe walikuwa wakimngoja mtoto kwa miaka. Mke alipimwa, akapimwa tena, akaambiwa yu buheri wa afya.

"Sasa twende wote," alimsihi mumewe.

"Mimi? Mimi dume, bwana!" Mkasi aling'aka.

Kumbe dume lina lake moyoni! Korodani yake ya kushoto ilikuwa imezingirwa na mishipa iliyovimba. Akisimama kutwa akikata vitambaa, palikuwa pazito na kuuma; akilala, palipoa. Dawa aliyojipa ilikuwa ya kifundi: alizifumua suruali zake, akazitia viraka vya kuongeza nafasi.

Siku moja mkewe, aliyekuwa akipiga pasi dukani kwao, alizitandaza suruali hizo mezani, akaangua kicheko. Kisha akazikagua moja moja.

"Mume wangu, zote umezipanua kushoto. Huko kushoto kuna nini?"

"Fasheni mpya hiyo."

"Fasheni ya mtu mmoja? Mimi nimevuliwa nguo na kila daktari, nawe unaona haya hata kwangu?"

Maneno hayo yalimchoma Mkasi kama sindano. Aliona aibu, safari hii aibu ya kweli.

"Funga duka," akasema. "Twende."

Daktari alimchunguza akiwa amesimama, kisha akampima mbegu za kiume.

"Ni mishipa ya damu iliyovimba," alimweleza. "Wanaume wengi wanayo. Wengine haiwasumbui, wewe inakuuma na imepunguza mbegu. Upasuaji mdogo unaweza kusaidia, ingawa mtoto siwezi kukuahidi."

"Wanaume wengi?" Mkasi aliruka kitini. "Nami nilidhani niko peke yangu duniani!"

Alifanyiwa upasuaji, maumivu yakaisha, wakangoja. Mwaka uliofuata, mkewe aliingia dukani na gauni mkononi, macho yakicheka.

"Fundi, limenibana. Nipanulie."

"Upande gani, kushoto?" Mkasi alitania.

"Mbele!"

Mkasi alipiga ukelele, akapindua kopo la pini, akatoka mbio hadi barabarani na futi ya kupimia shingoni. "Mbele! Jamani, ni mbele!" Wapita njia hawakuelewa kitu, lakini walishangilia naye. Hakika, mficha uchi hazai.