Mshona Viti wa Barabara ya Zamani

Kitu chema hakipigiwi mbiu. Mwenye haja nacho hukifuata hata kikiwa kichochoroni. Ndivyo alivyojionea yule muuguzi aliyekwenda kumhamisha baba yake.

Baba yake alikuwa mshona viti vya malori katika mji mdogo. Zamani malori yalipanga foleni hapo kama siafu. Ilipojengwa barabara mpya, ikaupita mji kwa mbali. Mafundi wenzake wakaifuata, wakatundika mabango makubwa. Yeye akabaki na sindano yake. Binti yake, yule muuguzi, akahofu kwamba baba atakufa kwa upweke. Akambembeleza mpaka mzee akakubali kuhama, ingawa shingo upande. Basi binti akachukua mfuko mkubwa wa turubai wa kupakia vyombo vya kazi, akaomba lifti kwenye lori.

Kwenye njia panda, ambapo binti alidhani atashushwa, dereva akaiacha lami mpya, akashika barabara ya zamani.

"Tunakwenda wapi, kaka?" binti alishtuka.

"Tulia, dada. Kiti kimeniua. Pale kwenye mabango walinishonea, nikatembea wiki nzima kama bata! Mgongo wangu una mzee wake huku."

Binti akaukumbatia mfuko wake, akachungulia dirishani.

Kumbe mji ulikuwa hai. Malori mawili yalisimama mbele ya banda la baba. Kinyozi alikuwa akimnyoa dereva mmoja, mama wa chai akigombana na mwingine juu ya sukari. Harufu ya gundi na ngozi ikamrudisha binti utotoni, alipokuwa akimshikia baba uzi.

Mzee alimtupia dereva aliyemleta binti jicho moja tu. "Nyonga ya kushoto, sivyo?"

"Hiyo hiyo, mzee! Hujasahau?"

"Sura nasahau. Makalio, kamwe!"

Watu wakaangua kicheko. Ndipo mzee akamwona binti yake, na mfuko.

"Umefika, mama," akasema taratibu. "Nimeahidi, nitakwenda. Ila huyu nani atamkalisha?"

Binti akamtazama dereva aliyejishika kiuno. Akautazama mfuko. Kisha akachukua mkasi ukutani, akaupasua mfuko katikati.

"Turubai hili linafaa kukazia kiti, baba?"

Mzee akalivuta, akalipapasa, machozi yakamlengalenga. "Linafaa sana. Haya, nishikie uzi."

Akaushika kama zamani. Nje, lori la nne likakunja kona, na bango hakuna hata moja. Ama kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.