Mzee Tondoro na Mwizi Asiye na Miguu

Hapo zamani za kale, enzi nyati walipokuwa na mila nyingi kuliko majani, aliishi Mzee Tondoro, mkubwa wa kundi lake. Kila adhuhuri akitoka malishoni alisimama kando ya mto, akakojoa, shwaaa! Na nyumba yake yote ikamfuata pale pale, shwaaa! shwaaa! Kukojoa mahali pengine kulikuwa kumvunjia mzee heshima. Mnacheka? Chekeni, lakini wao hawakucheka hata kidogo.

Mwaka mmoja mbuga ikapauka. Majani yakawa membamba, ya manjano, hayana utamu. Bi Sikitu, mkewe, alikuwa na ndama mchanga, na maziwa yakamkauka.

"Baba Ndama, mtoto analia njaa," akasema. "Tukiendelea hivi itabidi tuhamie ng'ambo ya mto."

Moyo wa Mzee ukamlipuka, paa! Ng'ambo kulikuwa na simba.

Kilichomchanganya ni kwamba pale wanapokojoa majani yalistawi, kijani kizito, hata mengine katikati yakaungua kwa kuzidiwa. Mbona pale tu? Mvua ni ile ile, jua ni lile lile. Akazunguka, akanusa, akakuna pembe. Wapi!

Digidigi akatokea vichakani, mdogo, miguu kama vijiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hebu niambie, nani anakula mbuga yangu?"

"Ni mwizi, Mzee. Hana miguu. Huja na mvua, huondoka na mto. Jua likiwaka hupaa, na harufu yake huwasha pua."

"Ala! Ndege?"

"Si ndege."

"Samaki?"

"Si samaki! Mkikojoa pamoja, anabeba mzigo mzima. Kila mmoja akitafuta pake, leo huku, kesho kule, ataondoka mikono mitupu."

"Umesema hana miguu. Mikono anayo?"

"Mzee, wewe watawanye tu! Mimi nitalinda hapa mtoni. Ujira wangu ni majani ya hapa hapa."

Mzee hakuelewa hata chembe, lakini ndama alikuwa analia. Akatoa amri. Lo, fujo gani hiyo! Vijana wa nyati hawakujua wakojoe wapi bila kumkosea adabu.

"Mzee, hapa?"

"Sogea!"

"Na hapa?"

"Sijui! Popote!"

Mmoja alijibana mpaka machozi yakamtoka.

Miezi ikapita. Kijani kikachipua hapa, kikachipua kule, mpaka mbuga nzima ikapendeza. Maziwa ya Bi Sikitu yakarudi. Digidigi naye akanenepa mashavu.

Mzee akazidi kuchanganyikiwa, maana mwizi mwenyewe hakuwahi kumwona. Siku moja mvua ikashuka, akakimbia kujibanza kando ya mto. Maji yakapita pale pa zamani, chororo, chororo, yakaingia mtoni. Harufu kali ikamwasha pua.

"Chyaa! Nimekupata!"

Akanusa maji. Akanusa mguu wake. Akanusa maji tena.

"Wewe Digidigi! Hii harufu ni yangu! Mwizi ni mimi?"

"Mimi sikutaja jina la mtu," akajibu Digidigi, mdomo umejaa majani. "Nguvu ya majani ya mbuga nzima, yaani mkojo wenu, mlikuwa mkiimwaga hapa. Ardhi ikashindwa kuimeza, nyingine ikapaa na jua, nyingine ikasombwa na mto. Ningekwambia hivyo siku ile, ningekuwa hai leo?"

"Ningekukanyaga ukawa chapati."

"Basi."

Mzee akainua kwato. Hakujua akasirike au ashukuru. Nyuma yake akasikia ndama ananyonya, chwi, chwi, chwi. Akaishusha polepole.

"Mwizi umemwona?" Bi Sikitu akauliza.

"Nimemwona."

"Ni nani?"

"Ni mtu mzima," akasema Mzee, akiangalia pembeni. "Nimemsamehe."

Nanyi wanangu, shikeni hili: mila isiyoulizwa swali hula nyumba yake yenyewe.