Kwa Nini Mtakatifu Donato Hurudi Nyuma Hatua Ishirini

Sogeeni niwasimulie, na anayetaka kubisha abishe nikishamaliza. Shule niliiacha darasa la saba, mnalijua hilo na mnanitania nalo kila siku, lakini kati yetu sote hapa Malindi nani amefika Roccasperta? Mimi. Italia yenu nyinyi ni piza za ufukweni. Mimi nilialikwa na bibi Ersilia, mama wa miaka themanini na miwili, nikalala nyumbani kwake, na maneno haya ni yake.

Roccasperta ni kijiji kidogo kilichoung'ang'ania mlima kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Watu hawafiki mia tatu, makanisa mawili. La juu ni la Mtakatifu Donato, la chini ni la Mtakatifu Lusia, na kati yake pana uchochoro mwembamba. Ukitanua viwiko unakwaruza kuta zote mbili.

Zamani watakatifu wa kijiji hicho walikwenda mbele tu. Kila mwaka, siku ya kubariki mizabibu, sanamu zao zilitolewa kanisani zikabebwa mabegani. Donato alishuka asubuhi, Lusia alipanda mchana, wala hawakuonana. Na mwiko ulikuwepo: mbebaji akirudi nyuma na mtakatifu begani, ukoo wake umeaibika, na binti zao hawaposwi.

Aliyebeba mbele kabisa kwa Donato alikuwa Gaspare, mchonga mawe, baba wa babu yake Ersilia. Alikuwa na kifua kama mlango, na mdomo mkubwa kuliko kifua. Msinitazame mimi.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha asubuhi nzima, Donato akachelewa kutoka. Ilipokatika, watu wa juu wakashuka haraka haraka, wa chini nao wakapanda kwa saa yao ileile, wakakutana katikati ya uchochoro, pua kwa pua.

"Rudi mpaka kisimani," akasema Nunzio, aliyemwongoza Lusia. "Ni hatua ishirini tu, na pale pana nafasi ya kupishana. Nyuma yetu sisi ni ngazi, na zimelowa. Tukirudi tutaanguka naye."

"Basi jifunzeni kuruka," Gaspare akamjibu, na watu wake wakacheka.

Wakasimama hivyo nusu saa. Ndipo Assunta, jirani yake Gaspare, akapaza sauti kutoka nyuma ya watu wa Lusia. "Gaspare, mama yako amezidiwa. Anamtaka padri."

Padri alikuwa nyuma ya Donato, mzee mnene wa kutembelea fimbo, mafuta ya wagonjwa yako mfukoni. Nyumba ya mama ilikuwa chini, upande wa pili wa umati. Pa kupenya hapakuwepo, na njia ya kuzunguka mlima ilikuwa mwendo wa saa nzima.

"Rudi, mwanangu," padri akamwambia.

Gaspare alimpenda mama yake, Ersilia alinisisitizia hilo mara mbili. Lakini nyuma yake kilisimama kijiji cha juu chote, mbele yake cha chini chote, na macho yote yalikuwa kwake. Akasema kwa sauti, wote wamsikie, "Mama amenivumilia miaka arobaini. Robo saa haimshindi. Huyu Nunzio atachoka kwanza."

Nunzio hakuchoka. Kilichokuja ni mlio wa kengele ya Lusia, mmojammoja, taratibu, ule wa kutangaza kifo. Wanaume wakavua kofia. Hapo Gaspare akaanza kurudi nyuma bila ya kuamriwa na mtu, hatua moja, ya pili, mpaka ya ishirini, na hakuna aliyetaja aibu. Lusia akapita. Padri akashuka, na Gaspare akamfuata.

Alimkuta mama yake kitini, dirishani, amejifunga shali yake ya sikukuu.

"Aliniomba nimsogeze hapa," Assunta akamwambia. "Alitaka akuone ukipita na mtakatifu."

Na tangu mwaka ule, Donato akifika katikati ya uchochoro, wabebaji husimama, kisha humrudisha kinyumenyume hatua ishirini hadi kisimani, hata kama mbele hakuna hata paka. Padri hutangulia peke yake, akaingia kila nyumba yenye mgonjwa, na sanamu haisogei mpaka atume neno kwamba amemaliza. Wageni hucheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka Ersilia aliponishika mkono na kuanza kunieleza.

Nilimuuliza kama Gaspare alibeba tena. Akasema alibeba miaka mingine ishirini na sita, na wenzake walimwachia nafasi yake ya mbele. Ila kila mwaka, wakishafika kisimani, ilibidi mtu amguse bega amwambie, "Gaspare, tumefika." La sivyo yeye angeendelea tu kurudi.