Folda ya Sauti Mbovu

Hata cha kutupa hufungwa.

Jana mlimsikia Bi Zaina akimwambia mwenzenu Mbelwa neno hili, alipomwona anafuta mafaili kwenye kompyuta haraka haraka, nanyi mkacheka. Mimi sikucheka. Mmeniuliza lilitoka wapi. Lilitoka kwetu, na lilianza na babu yenu.

Babu yenu, Mzee Shemboza, aliugua koo. Madaktari wakasema wakimpasua hatazungumza tena. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaposwa. Basi akaenda kwa Bi Zaina, kwenye chumba chake cha kurekodi kaswida pale Soni, akaniachia radhi yake kwa sauti, ili isikike siku ya harusi. Akapasuliwa. Wiki ya tatu akafariki.

Kompyuta ya Bi Zaina ilikuwa kuukuu, kipanya kimekufa, kila amri anaiandika kwa herufi. Ndani mlikuwa na folda mbili. Moja aliiita Sauti, ndimo zilimokaa kazi za watu. Nyingine aliiita Sauti mbovu, ya zile zilizoharibika, za vikohozi na majogoo.

Siku mbili kabla ya harusi kompyuta ikajaa, na watu wa kaswida wameshafika wanangoja. Akaandika amri ya kufuta, akaandika Sauti, akaacha nafasi, akaandika mbovu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kompyuta haijui kuwa maneno mawili ni jina moja mpaka uyafunge kwa alama za kunukuu, moja mbele, moja nyuma. Usipoyafunga, yenyewe inaona vitu viwili. Ikafuta Sauti, yote. Kisha ikatafuta kitu kinachoitwa mbovu, isikione, ikaandika: mbovu haipo.

Bi Zaina akadhani ni manung'uniko tu ya mashine iliyochoka. Akatazama nafasi, akaikuta tele. Akashukuru bila kuuliza imetoka wapi. Akarekodi kaswida mpaka adhuhuri, palepale ilipokuwa sauti ya baba yangu.

Alasiri tukafika mimi na bibi yenu, tumetoka kuuza plamu sokoni.

"Tumekuja kumchukua mzee," bibi yenu akasema.

Bi Zaina akatafuta. Akatafuta tena.

"Mama, ile mbovu ipo," akasema.

"Sikuulizi mbovu, mwanangu. Nakuuliza mume wangu."

"Nilitaka kutupa takataka, mama. Sikuyafunga maneno. Nimemtupa yeye."

"Hakuna fundi wa kumrudisha?"

"Fundi yupo Tanga. Lakini nimeshawarekodi wengine juu yake."

Bibi yenu akasema, wala hakupandisha sauti, "Mimi plamu zilizooza nazifunga kwenye kiroba kwanza, ndipo nazitupa, nisije nikatupa na nzima. Hata cha kutupa hufungwa, Zaina. Hukufundishwa kwenu?"

Bi Zaina akalia. Kisha akafungua ile folda ya mbovu, akasema kuna kipande kimoja cha mzee humo, alichokikataa siku ile kwa sababu ya kikohozi. Akakifungulia. Babu yenu akakohoa, akakohoa, halafu akasema, "Ngoja mwanangu, nianze upya." Basi. Palikatika hapo.

Hicho ndicho kilichosikika harusini kwangu. Baba mdogo alisimama akasema maneno ya radhi badala ya kaka yake, na watu wakaitikia amina, lakini radhi yenyewe aliyoitamka baba sikuisikia, na sitaisikia. Kile kipande bibi yenu alikihifadhi kwenye flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, na mpaka leo akibadili kanga huanza kwanza kufungua fundo lile na kulifunga kwenye mpya.

Nyinyi vidole vyenu vyepesi, wanangu, na mashine haina huruma. Likitokea jina la maneno mawili, lifungeni, mlisome, muulize. Na mashine ikinung'unika, msidhani haikutenda. Mimi kila nikiwaona mmeinamia kompyuta nasikia kile kikohozi.

Hata cha kutupa hufungwa.