Nyamvula na Kiti cha Gambare

Nije, nisije?
— Njoo, tupo.
Nije na nini?
— Njoo na neno zito.
Basi lipokeeni kwa mikono miwili, lisianguke.

Hapo kale, babu wa babu zenu hawajaota meno, palikuwa na nchi saba zilizozunguka ziwa moja. Zilipigana, zikazika, zikachoka. Zilipochoka zikajenga nyumba ya baraza, kila nchi na kiti chake, zikala kiapo: asivuke mtu mpaka wa mwenzake kwa mkuki. Zikaweka na sharti: neno halitakuwa hukumu mpaka wajumbe wote saba waseme naam. Na hukumu ikishapigiwa ngoma, haifutwi ila kwa kauli ya hao hao saba. Sharti hilo lishikeni, jamani, maana ndilo lililoua watu.

Tundwi ilikuwa nchi ndogo yenye chumvi. Gambare ilikuwa nchi kubwa yenye mikuki. Asubuhi moja mfalme wa Gambare akavuka mto na jeshi lake, akaingia Tundwi. Akasema, "Babu yangu alichunga ng'ombe huku. Narudi kwetu."

Mfalme wa Tundwi alipoona anazingirwa, alimwita Nyamvula, mpika chumvi, mwanamke aliyeuza chumvi katika nchi zote saba na kujua salamu za kila mlango.

"Mwanangu, kakalie kiti chetu barazani. Waambie kiapo kimevunjwa."

Nyamvula akamwachia mdogo wake Mbeyu vyungu vya chumvi motoni. Akaenda, akaenda, akaenda.

Barazani ngoma ilishikwa na Bi Mashavu, mama mtu mzima wa sauti ya chini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baraza limesikitika. Gambare iondoke Tundwi. Mwasemaje?"

Sita wakasema naam. Wa saba alikuwa Kidundo, mjumbe wa Gambare mwenyewe. Akasema taratibu, "Sikubali."

Ikaishia hapo. Nyamvula akapewa maji, akapewa pole, akarudi. Alipofika, kijiji cha kivukoni hakikuwapo tena.

Akageuza njia. Akaenda, akaenda, akaenda.

"Baraza limesikitika mno," alisema Bi Mashavu.

"Sikubali," alisema Kidundo.

Akarudi na pole ya pili. Safari hii alikuta chumvi yote imechukuliwa, vyungu vimepasuliwa, na Mbeyu amelala kando ya meko, baridi. Mnadhani alipiga yowe? Hakupiga. Alimfuta mdogo wake vumbi usoni, akamviringisha kwa kanga yake, akamzika mbiombio kwa kipande cha chungu, maana jembe halikuwapo na askari walikuwa jirani. Kisha akaenda tena, na mchanga wa kaburi ukiwa bado kuchani.

"Baraza linalaani," alisema Bi Mashavu.

"Sikubali," alisema Kidundo.

Nyamvula akauliza, "Mama, laana hiyo inavuka mto?"

Bi Mashavu akainamisha kichwa. "Mwanangu, mikono yetu imefungwa."

"Naiona. Na kamba mmeisokota wenyewe."

Maneno matupu hayavunji mfupa, wenzangu, wala hayazuii mkuki. Jua likafika utosini, wajumbe wakatoka kwenda kula. Nyamvula hakula. Aliinuka, akaenda kukalia kiti cha Gambare.

Kidundo akarudi akijifuta mdomo. "Bibi, umekosea kiti."

"Sikukosea. Babu yangu aliwahi kupumzika hapa. Nimerudi kwetu."

"Ondoka."

"Sikubali."

Kidundo akawaita walinzi. Walinzi wakatazamana. Mmoja akasema, "Bwana, mjumbe hagusiki humu ila kwa kauli ya wote saba."

"Basi wote saba waseme," Kidundo akafoka. "Mwenye kukalia kitu cha mwenzake kwa nguvu aondoke. Asipoondoka, nchi zote zimwondoe. Naam."

Mmoja akasema naam. Wa pili naam. Wakafika sita. Nyumba nzima ikamgeukia Nyamvula, pale pale kwenye kiti kisicho chake.

"Naam," akasema Nyamvula.

Bi Mashavu akaipiga ngoma, mara tatu, kwa nguvu asizodhaniwa kuwa nazo. Nyamvula akainuka, akakipangusa kiti cha Gambare, akarudi kwenye chake.

"Mimi nimeondoka," alisema. "Sasa Kidundo amwambie na mfalme wake."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kidundo alisimama. "Tulikuwa tunasema kiti. Ifuteni."

"Hukumu imesema kitu cha mwenzake," alijibu Bi Mashavu. "Na kufuta kunataka wote saba. Tundwi, wasemaje?"

"Sikubali."

Kesho yake nchi tano zikafunga masoko kwa Gambare. Chuma hakikupita, nafaka haikupita, na watu wao wakajipanga kwenye kingo za mto. Mwezi wa kwanza mfalme wa Gambare alicheka. Mwezi wa pili akanyamaza. Mwezi wa tatu akavuka mto kurudi alikotoka.

Wajumbe wakaja Tundwi wamevaa kanzu nyeupe, wakangoja kuimbiwa sifa. Nyamvula akatoka na mzigo wa majembe, akautua mbele yao.

"Karibuni," alisema. "Wetu tuliwazika kwa kukimbia. Wanangoja kuzikwa sawasawa."

Wakatazama chini. Bi Mashavu akavua viatu, akachukua jembe la kwanza. Wengine wakamfuata, kanzu zikashika udongo, na mpaka alasiri hakuna aliyehutubia. Kaburi la Mbeyu, Nyamvula alilichimba peke yake, na hakuna aliyethubutu kumpokea jembe.

Neno langu nimelitua hapa. Mwenye mabega alibebe, mwenye masikio alitunze. Mimi koo limenikauka, nipeni maji.